Helikopta ya Mchezo na Urefu wa Mnazi

Siku hizi helikopta ndogo ziendeshwazo kwa redio zaweza kufika hata Mafia, pengine zawadi ya ndugu aliye Dar es Salaam au Uarabuni. Kijana akishajua kuituliza hewani, hatatosheka. Atataka kuipindua chini juu na kuibiringisha. Basi swali ni hili: afanyie mazoezi hayo kimo gani?

Wengi hudhani kuwa karibu na ardhi ndiko salama. Sivyo. Kitu kiangukacho hushuka yapata mita 5 katika sekunde ya kwanza, na sekunde ya pili ikiisha kimekwisha kushuka mita 20. Tena helikopta iliyopinduka, ukisukuma kijiti cha kuongozea upande usiofaa, hujisukuma yenyewe chini, ikafika upesi zaidi. Naye mwanafunzi ahitaji muda wa kutambua kosa, na muda wa kulisahihisha.

Kwa hiyo wazoefu wa mchezo huu wana kanuni yao: panda kimo kitoshacho makosa mawili. La kwanza ni lile ulilofanya. La pili ni lile utakalofanya kwa hofu, ukitaka kuliponya la kwanza. Kipimo tunacho: mnazi mrefu hufika mita 20 hadi 30. Mwanafunzi na aanzie kimo hicho, lakini katika uwanja mtupu, si shambani penye minazi.

Asizidishe pia. Juu mno, chombo huwa kama nukta, asijue tumbo ni lipi wala mgongo ni upi. Na upepo wa huko ni mkali kuliko wa chini. Tena ndege za abiria hushuka Kilindoni. Karibu na uwanja ule asirushe kabisa, na kabla ya kurusha popote aulize habari za kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Popo wa Chole nao waachwe walale.

Wazazi, sikieni. Mapanga ya helikopta kubwa za mchezo huweza kuzunguka mara 2,000 kwa dakika. Septemba 2013, huko New York, kijana wa miaka 19, ambaye hakuwa mgeni wa mchezo huo, aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Kimo huokoa chombo. Watu huokolewa na umbali. Basi watoto wakae mbali, nyuma ya mrushaji, wala chombo kisipite juu ya kichwa cha mtu. Na kosa likishindikana kuponywa, azime mtambo, kivunjike. Chombo hununuliwa kingine; jicho la mtoto halinunuliwi.

Haya, tuonane juma lijalo.