Mzazi aliyepasuliwa Kagera: Nani atamchotea maji?

KWA muda mrefu mjadala wa afya ya uzazi nchini umeelekezwa katika swali moja: mjamzito atafikaje hospitali kabla hajachelewa? Swali hilo lilistahili kuulizwa, na majibu yake yameanza kuonekana. Hata hivyo, katika Mkoa wa Kagera, hususan Bukoba na Muleba, lipo swali la pili ambalo halijapewa uzito wake: mama aliyejifungua kwa upasuaji akisharudi nyumbani, nani anafanya kazi zake?

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi, wanawake waliojifungulia katika vituo vya kutolea huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi asilimia 81 mwaka 2022. Katika kipindi hicho hicho, watoto waliozaliwa kwa upasuaji waliongezeka kutoka takriban asilimia 6 hadi asilimia 11. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Hayo ni mafanikio ambayo hakuna anayepaswa kuyabeza. Lakini maana yake nyingine ni kwamba wanawake wengi kuliko zamani wanarudi vijijini na mitaani wakiwa na mtoto mkononi na mshono tumboni.

Wilaya ya Muleba ina hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, zilizoanzishwa na makanisa, na Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanaozitegemea ni pamoja na wakazi wa miinuko ya Kamachumu na Nshamba, na wale wa visiwa vya Ziwa Victoria kama Bumbire na Goziba. Kwa mama wa kisiwani, kurudi nyumbani ni kupanda mtumbwi. Kwa wa bara, mara nyingi ni kukaa nyuma ya bodaboda, katika barabara ambayo kila shimo hulisikia tumboni.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao ulianza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022 na kupatikana kwa namba 115, umewasaidia wajawazito, wazazi na watoto wachanga wanaohitaji kufikishwa haraka hospitalini. Lakini huo ni mfumo wa dharura. Aliyepata nafuu na kuruhusiwa hurudi kwa nauli yake.

Wataalamu wa afya hueleza kwamba ngozi ya nje huweza kuonekana imefunga ndani ya wiki moja au mbili, ilhali tabaka za ndani na mfuko wa uzazi huhitaji takriban wiki sita au zaidi. Ndiyo maana mama huelekezwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtoto mchanga ana wastani wa kilo tatu. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, yaani karibu mara saba ya kile alichoruhusiwa.

Katika vijiji vingi vya Kagera, ndoo hiyo huchotwa kwenye chemchemi iliyo bondeni, na mchotaji hupanda nayo mlima hadi kwenye kibanja. Ndizi nazo hazijimenyi. Mpishi hukaa chini na kuinama kwa muda mrefu, kisha hupuliza moto wa kuni. Mjini Bukoba, katika mitaa ya Kashai na Hamugembe, mzigo hubadilika sura tu. Kwa mchuuzi wa sokoni, wiki sita bila biashara maana yake ni kula mtaji.

Sheria ya nchi inautambua ukweli huu, lakini kwa upande mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aidha, inakataza mwajiriwa kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa kwa idhini ya daktari. Mkulima wa migomba hana mwajiri wa kumkataza. Baba aliyeajiriwa hupewa walau siku tatu zenye malipo, na sharti azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mkewe akiwa amepasuliwa, siku hizo huweza kwisha mama akiwa bado wodini.

Zamani pengo hili lilizibwa na ukoo. Mama mzazi, mama mkwe au wifi alihamia kwa mzazi, akapika mtori na kufua nepi. Msaada huo bado upo, ila umepungua, kwani ndugu wengi wametawanyika Mwanza na Dar es Salaam kutafuta riziki.

Eneo la Maziwa Makuu si geni kwa jambo hili. Mwaka 1879 Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi uliofanywa na waganga wa kienyeji huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mama alipewa pombe ya ndizi, na jeraha likabanwa kwa misumari myembamba ya chuma. Felkin aliandika kwamba jeraha lilipona, na kwamba maziwa ya mama yalipokuwa haba katika siku za mwanzo, mtoto alinyonyeshwa zaidi na rafiki yake. Tangu hapo utaalamu wa upasuaji umebadilika mno, lakini haja ya mwenzi wa kubeba sehemu ya mzigo haijabadilika.

Wapo pia wasaidizi wenye nia njema wanaodhuru bila kujua. Kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto na kulifunga kwa nguo kwa kulikaza ni mambo yaliyozoeleka, lakini juu ya mshono mbichi yanaweza kuleta madhara makubwa. Kidonda huhitaji usafi na ukavu, si majivu wala dawa za miti. Mama naye hapaswi kulala kutwa nzima. Kutembea taratibu humkinga na damu kuganda miguuni. Homa, usaha, harufu mbaya, mshono kuachia, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba au kichwa kuuma kupita kiasi ni dalili za kurudi kituoni siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la mimba inayofuata. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa aliyepasuliwa, ushauri huo una uzito zaidi, kwa kuwa kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu. Anapaswa kujifungulia penye chumba cha upasuaji. Mkazi wa kisiwani lazima alipange hilo mapema na mumewe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa anayetazama kudhani kuwa mama aliyesimama wima amepona, au kumsema kuwa ni mvivu kwa sababu “hakusukuma”. Maneno hayo ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye ndoo na jembe kabla ya wakati.

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Maelekezo ya kuruhusiwa yatolewe mbele ya mume au mama mkwe, kwa kuwa ndio wataamua nani aende bondeni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wafike kwa aliyepasuliwa katika wiki ya kwanza. Na katika kliniki ya wajawazito, familia inapoulizwa kuhusu nauli na mchangia damu, iulizwe pia swali la tatu: kwa wiki sita, nani atachota maji? Jibu liwe jina la mtu.