VISIWA VYA MAFIA, NA BIBI WA JIBONDO

Najua wapo watakaosema huyu dada leo kaishiwa, kaamua kututembeza. Haya, semeni. Ila tuulizane kidogo. Wewe uliyezaliwa Temeke au Magomeni, ukisikia mtu kaenda visiwani, akili inakimbilia wapi? Unguja. Forodhani, pizza ya Zanzibar, picha moja jua linazama, umerudi mjini unatamba mwezi mzima. Sina ugomvi na Unguja, pizza yenyewe nimeila na nitaila tena. Lakini huku kusini yetu, humuhumu Mkoa wa Pwani, kuna visiwa ambavyo vijana wa mjini tumewaachia wazungu na wavuvi. Navizungumzia visiwa vya Mafia.

Jina lisikutishe, halina undugu na wale majambazi wa Italia. Na Mafia si kisiwa kimoja kama tulivyokariri shuleni. Kipo kikubwa, ndicho chenye mji wa Kilindoni, halafu kuna Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogovidogo. Yapo na mafungu ya mchanga yanayoonekana maji yakipwa tu. Yakijaa huoni kitu, utadhani uliota.

Nilikwenda mwezi wa kwanza na shoga yangu mmoja ambaye tumesoma naye tangu darasa la tano mpaka tukamaliza Fomu Foo. Yeye ndiye aliyetaka twende. Mimi nikadhani kachoshwa na kelele za mjini, basi. Tukapanda gari Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, kule kwenye mikoko ya Rufiji, halafu tukaingia majini. Kaskazi siku hiyo lilikuwa linavuma kistaarabu. Waliotapika walitapika, sitaji majina.

Katikati ya maji ndipo mwenzangu akafungua mdomo.

"Mimi nina bibi Jibondo."

Nikamtazama. Miaka yote hiyo namjua, kwao nimekula ubwabwa mara ngapi sijui, habari ya bibi wa Jibondo sijawahi kuisikia. Kumbe ni mama mzaa baba. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka saba. Baba yake alipofariki, njia ikaota majani. Sasa ndugu wa mjini wamesikia Bibi haoni, mtoto wa jicho pande zote mbili. Wamekaa kikao wakaamua aletwe Temeke, akae moja kwa moja. Aliyetumwa kumwambia ndiye huyu, kwa sababu eti mjukuu hakataliwi.

"Kwa hiyo tukifika tunaanzia Jibondo?"

"Tutafika tu. Tuzunguke kwanza."

Nikaelewa. Mwenzangu alikuwa anaogopa.

Basi tukazunguka. Ukishuka Kilindoni usitarajie magorofa. Ni gati, soko, bodaboda na harufu ya dagaa. Lakini kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, mbele ya mji huohuo hupita samaki mkubwa kuliko wote duniani, papa potwe. Anaweza kuzidi mita 12, yaani daladala ikimfuata nyuma inaonekana mtoto. Chakula chake lakini ni uduvi na vidagaa, meno yake hayana habari na wewe. Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, kwa yale madoa meupe mgongoni kama sarafu zilizomwagika. Madoa hayo ni sawa na alama za vidole, hakuna wawili waliofanana, na watafiti huwapiga picha ubavuni ili kujua huyu ni yupi. Zamani ilidhaniwa msimu ukiisha wanahama kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa kuwafunga vifaa vya kutoa sauti majini, ulionyesha wengi hawaendi popote. Wanasogea tu mbali kidogo na pwani, huwaoni, lakini wapo.

Shoga yangu hajui kuogelea. Akavaa jaketi la kuokolea, akashika ubavu wa mashua, nahodha akamwambia, "Binti, usimguse wala usimkatie njia. Tulia, atapita mwenyewe." Akatulia. Mnyama akapita chini yake taratibu, kama ukuta unaotembea. Mwenzangu alipopandishwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia, kama umemtazama huyu, Bibi atakushinda? Hakunijibu.

Kutoka Kilindoni unakata kisiwa kama kilometa 15 hadi Utende, na hapo unaingia Hifadhi ya Bahari. Hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza kwa Tanzania, na eneo lake ni kilometa za mraba 822, vijiji vikiwa humohumo ndani. Kiingilio kipo getini. Mtanzania analipa kidogo ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo usije ukaniambia bei ndiyo iliyokuzuia. Kabla ya hifadhi, watu walikuwa wanavua kwa baruti, wanaua samaki mpaka na nyumba zao. Siku hizi matumbawe ya ghuba ya Chole yana aina zaidi ya 400 za samaki. Ila usidhani ilikwenda kwa kupeana mikono. Wavuvi na hifadhi wamevutana miaka mingi juu ya nyavu, na Jibondo ndiko walikokuwa wabishi kuliko wote. Mtu unamwambia nyavu ya babu yake haifai, ulitegemea akupigie makofi?

Chole ni mwendo mfupi kwa mashua kutoka Utende. Hakuna gari, na husikii honi hata ukiitafuta. Kuna popo wakubwa wamening'inia mitini kama nguo za kufulia, jioni wanaamka kundi zima wanakwenda kula matunda kisiwa kikubwa. Kuna na magofu yaliyokabwa na mizizi ya miti. Wajerumani walipochukua Mafia mwaka 1890 walikaa hapohapo Chole, mpaka 1913 wakahamia Kilindoni. Hawakufaidi. Januari 1915 Waingereza wakashuka Mafia, wakaifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuonyesha mizinga ipige wapi, na Julai mwaka huohuo manowari ikaisha. Unaona kisiwa kimelala usingizi hivi, kumbe kina mambo.

Juani ndipo roho yangu iliposimama. Magofu ya Kua huendi saa unayotaka wewe, unakwenda maji yakiwa yamejaa ili mashua ipite kwenye mikoko. Ulikuwa mji hasa, na kasri na misikiti. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska kwa ngalawa zao, wakaupiga, wakachukua watu utumwani. Leo ni mibuyu na mawe.

Lakini wenyeji hawaanzi na Wasakalava, wanaanza na kisasi. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, waliunda jahazi wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Sherehe ikiwa imenoga, wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka saba, wengine wanasema minane. Kisha wakawaalika wale wa Kisimani harusini, wakawakaribisha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ngoma, chakula, vicheko. Wenyeji wakawa wanatoka mmojammoja, akabaki mzee mmoja tu anawachangamsha wageni kwa hadithi, huku mlango unajengwa kwa mawe nje. Yule mzee alikubali kufia humo.

Nimeiandika kama nilivyoisikia, usiniulize kaburi liko wapi. Shoga yangu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Watu wa huku hawasahau." Nikajua anajisemea yeye. Hata ng'ambo ya kisiwa, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga na vifaranga kutoka baada ya miezi miwili hivi, alitembea kimya.

Siku ya nne tukaenda Jibondo.

Jibondo haifanani na Chole hata kidogo. Chole ni kivuli, Jibondo ni jiwe na jua. Mbuzi wanapita kati ya nyumba, wanawake wanashuka mwambani maji yakipwa kutafuta pweza, na kote unasikia tezo zinalia. Hawa ni mafundi wa vyombo, wanachonga mataruma na kukalafati mashua kwa pamba. Nahodha akamuuliza mwenzangu, "Wewe mjukuu wa nani?" Akamtaja babu yake. Nahodha akacheka, akatupeleka mpaka mlangoni bila kuuliza njia.

Bibi alikuwa kibarazani anasuka ukili. Haoni, lakini vidole vinakwenda kama vina macho yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani?"

Akajitaja. Bibi hakusema kitu, ukili ukaendelea kama mistari mitatu hivi. Kisha akasema, "Sogea." Akampapasa uso, paji, pua, akafika kidevuni akasimama hapo.

"Kidevu cha baba yako. Haya, umekuja kututazama au umekuja kunichukua?"

Mimi mgeni nikaona nitazame mbuzi.

Jioni tukapewa ndoo moja ya maji ya kuoga, watu wawili. "Oga na mwenzio," Bibi akasema, "maji haya yamepanda mashua kama nyie." Kwa miaka mingi kisiwa hakikuwa na maji ya kunywa ya kutosha, watu walikinga mvua na mengine yalivushwa. Sie wa mjini bomba likikauka siku mbili tunapiga kelele mpaka redioni.

Tukala wali na pweza wa nazi, ndipo mwenzangu akatoa ujumbe wa kikao. Aliutoa wote kwa pumzi moja kama shairi la shule. Bibi akamwacha amalize.

"Temeke nitafanya nini? Hapa nikitoka mlangoni najua hatua mpaka kwa jirani. Bamvua naijua kwa kuisikia. Huko nitasikia nini?"

"Lakini Bibi, huoni."

"Sioni, ndiyo. Sijapotea."

Wakalala hivyo. Usiku nilimsikia shoga yangu anageuka kwenye kitanda cha kamba mpaka karibu na alfajiri.

Asubuhi Bibi akatuita, akatoa masharti yake. Atakuja kutibiwa macho, kwa sababu amesikia siku hizi si kazi kubwa. Kweli si kubwa. Wanaitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, haichukui hata saa nzima, na hospitali kama CCBRT pale Msasani wanafanya kila siku. Lakini akishapona arudishwe Jibondo. Anayemrudisha ni mjukuu mwenyewe, asipakiwe kwenye boti kama gunia la nazi. Na iwe kabla kusi halijaingia, bahari ingali na adabu.

Mwenzangu akasema, "Nimekubali." Hakuuliza mtu.

Temeke kikao kiliwaka. Shangazi mkubwa alisema tumekutuma umlete, umekuja na masharti, nauli ya kumrudisha nani analipa? Mjomba mmoja akasema mzee kama yule akishafika mjini atazoea, mchukueni tu, mambo ya kurudi atasahau. Shoga yangu akamjibu kwa adabu zote, shikamoo kwanza, halafu akamwambia nimeahidi. Na nauli nitalipa mimi.

Anauza vitenge, hana hela ya kuchezea. Kila Ijumaa anaweka kidogo kwangu, kwa sababu kwao wakijua zilipo zitapatiwa matumizi. Mpaka juzi zilikuwa zimetosha kwenda wawili na kurudi wawili. Zimebaki za kumrudisha Bibi, na za yeye mwenyewe kugeuza kutoka Jibondo. Safari ni mwisho wa mwezi wa pili. Mimi nimeomba nafasi ya kubeba mkeka. Nikipewa, mtasikia hapahapa.