Stesheni Tele, Mdundo Mmoja
Jumanne jioni, ndani ya daladala ya Mbagala, dereva alihama stesheni kila foleni ya Barabara ya Kilwa ilipokwama, na kila alikohamia tulipokewa na Bongo Fleva ileile iliyochanganywa na amapiano, mtangazaji akicheka juu yake. Sina ugomvi na vijana. Hata mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu. Ila mama mmoja aliyepakata kikapu cha samaki alimwuliza konda, “Mwanangu, hakuna hata taarabu?” Konda akacheka, abiria nao wakacheka. Sahani kumi za wali mtupu si karamu. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, ndiyo iliyolea bendi za Msondo Ngoma na Sikinde, na ndiko singeli ilikochipukia, huko Manzese na Tandale. Kanda za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania bado zimo katika maktaba ya shirika la utangazaji, TBC. Muziki huo wote, kwenye stesheni nyingi, umeachiwa kipindi cha Jumapili, kama upo. Wenye redio hutuambia wanampa msikilizaji anachotaka. Si kweli: wanampa mdhamini anachotaka, naye mdhamini anamtaka kijana mwenye bando, hamtaki mama wa samaki. Basi Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kabla ya kutoa leseni nyingine ya redio mjini, imwulize mwombaji swali moja: utapiga nini ambacho jirani yako hapigi?