Saa 20 za feni ni za kasi ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize wanaotuletea feni ndogo za kuchaji: saa mnazoandika kwenye boksi ni za kasi ipi?

Wazazi wa kijiji chetu walichanga shilingi 35,000 tukanunua feni moja kwa ajili ya kambi ya skauti wa shule. Boksi lilidai inafanya kazi kwa saa 20. Kabla ya safari niliijaribu ndani ya hema, uwanjani. Niliiwasha kwa kasi ya juu saa 2 usiku. Saa 5 na robo ikazimika. Usiku wa pili niliiweka kasi ya chini. Ilikesha kweli, ila upepo wake haukutikisa hata chandarua.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Betri ni ya 4000 mAh na volti 3.7, yaani wati-saa 14.8. Feni inayokula wati 4.5 itazimaliza kwa muda wa saa 3 na ushei. Mtengenezaji anajua hayo. Mama aliyeuza kuku ili atoe mchango hajui.

Naomba wanaohusika na viwango wasikubali boksi linalotaja saa bila kutaja kasi. Aliyetuuzia amekataa kuirudisha. Kambini tulifungua hema pande zote mbili, vijana wakalala vizuri. Feni haipoozi hewa, inaisukuma tu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.