Mlinzi wa Bahari Apewe Pa Kukaa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama baina ya Unguja na Pemba, baadhi ya ndugu zetu walikutwa wakielea juu ya magodoro. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa kwamba kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kitu kidogo mno. Jicho lililochoka hukipita bila ya kukiona.

Kwa hiyo, tunapozungumza habari za ndege za doria ya baharini, hatuna budi kuanza na mtu. Aghalabu wanaokwenda kuagiza vyombo hivi huuliza nguvu ya injini, upeo wa rada na bei. Ni nadra kuuliza mtazamaji atakaa wapi, atajisaidia wapi, na nani atampokea akichoka. Jiko, kitanda na choo huhesabiwa kuwa anasa, na ndivyo vinavyofutwa mwanzo katika orodha.

Hiyo si hesabu njema. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitaka kujua askari wao wa anga anaweza kusaka nyambizi mbele ya kioo cha rada kwa muda gani kabla hajaanza kukosa. Mtaalamu Norman Mackworth aliwakalisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja uliokuwa ukiruka hatua moja moja, na mara chache ukiruka hatua mbili kwa pamoja. Kazi yao ilikuwa kuuona mruko huo tu. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1948 yalionyesha kwamba baada ya nusu saa makosa yalizidi. Nao walikuwa wamekaa chumbani, juu ya ardhi, si ndani ya ndege inayoyumba karibu na maji!

Wazee wataikumbuka ndege ya Shackleton, ambayo Waingereza waliirusha kutoka Majunga, Madagaska, tangu 1966 hadi 1972, ili kuzuia mafuta yasifike Rhodesia kupitia Beira. (Mafuta yalipita njia nyingine, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Injini zake nne zilikuwa na mngurumo wa kutisha, na safari iliweza kufika saa 15. Aliyetaka kutoka mbele kwenda nyuma alilazimika kuupanda mhimili wa mabawa uliokatiza chumba. Wako walioondoka kazini na masikio mabovu. Katika aina ya tatu ya ndege hiyo ndipo waundaji walipoongeza vizuizi vya sauti, jiko la maana na mahali pa kulala. Orion ya Marekani, iliyoingia kazini mwaka 1962, ina jiko, meza na vitanda, na wala hakuna aliyeiita ndege ya starehe.

Yuko atakayesema hayo ni mambo ya mataifa makubwa. Basi tuitazame Dornier 228, ndege ndogo ambayo jirani zetu wa Shelisheli walipewa na India mwaka 2013. Chumba chake ni chembamba, na mtu mzima hawezi kusimama wima. Hapo ndipo haja inapokuwa kubwa zaidi. Pasipoenea kitanda, pataenea kiti kinachogeuka, dirisha lililotuna ili mtazamaji aone chini bila ya kuvunja shingo, vikinga masikio, chupa ya chai na mtu wa pili wa kupokezana kila nusu saa. Choo nacho kiwepo, hata kikiwa cha pazia, khasa kwa kuwa siku hizi wanawake nao wamo kazini.

Tunaiomba Serikali, kabla mkataba wowote wa ndege kama hizi haujatiwa saini, itake mfano wa chumba ujengwe kwa mbao kwa ukubwa wake kamili. Watazamaji wenyewe, si wakuu wa idara, waingie wakae humo saa sita mfululizo, wamevaa jaketi za kuokolea, wakipokezana. Wakitoka waulizwe, na watakayoyasema yaandikwe ndani ya mkataba, ukurasa ule ule unaotaja injini.