Thamostati Si ya Kung'olewa

Gari kuukuu la dizeli likianza kuchemsha, ushauri wa haraka gereji ni mmoja: ng'oa thamostati, maji yapite bure. Ushauri huu ni ghali. Chukua injini ya 1KZ-TE iliyofungwa kwenye Prado za miaka ya 1990. Bloku yake ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka zaidi ikipata moto. Ndiyo maana ikichemsha, hedi hupinda au kupasuka. Thamostati haipo kuzuia maji tu. Katika injini nyingi za aina hii, ikifunguka hufunga njia ya mkato, maji yote yakalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupoa.

Watasema spea halisi ni ghali na haipatikani. Rejeta ya mtumba kutoka Japani inaweza kufaa, mradi ipimwe kwa presha na mapezi yake yasiwe yameoza. Lakini thamostati, mipira na kifuniko cha rejeta havistahili kununuliwa vikiwa vimetumika. Kifuniko kidogo chenye presha ya bar 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi takriban nyuzi 118. Springi ikilegea, kinga hiyo imekwenda. Nenda dukani na namba ya chesisi, si jina la gari pekee, na thamostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji moto kabla ya kufungwa. Bei ya vipuri hivyo vitatu haifikii ya hedi moja.