Kibao cha ‘Mbwa Kali’ hakimwondolei mwenye mbwa lawama

SUALA la mbwa katika maeneo ya umma limezoeleka kuchukuliwa humu nchini kama jambo la mzaha, hadi pale mtoto anapoumwa. Hapo ndipo majirani hukusanyika, mwenye mbwa akaapa kwamba mnyama wake hajawahi kumgusa mtu, na mzee wa mtaa akaombwa asuluhishe. Baada ya juma moja mambo husahaulika, isipokuwa na mzazi anayeendelea kumpeleka mwanawe hospitalini kudungwa sindano.

Hali imebadilika jijini Nairobi na viungani mwake. Mbwa ambaye zamani alifugwa kwa ulinzi pekee, akashinda kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, siku hizi ana wenzake wanaofugwa kwa mapenzi tu. Wikendi utawaona wakitembezwa katika msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ambako wageni huruhusiwa kuingia na mbwa mradi wamefungwa kamba njiani. Wapo pia wanaotamani jiji litenge viwanja maalumu, mbwa wafunguliwe humo wakimbie wapendavyo, kama ilivyo Marekani na Ulaya.

Wazo hilo si baya. Hata hivyo, wanaolipigia debe aghalabu huona ua na nyasi, wasione sheria inayosimama nyuma ya ua huo.

Kiwanja kinachotajwa sana kuwa cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa mwaka wa 1979 mjini Berkeley, katika jimbo la California, ndani ya bustani ya Ohlone. Tangu hapo viwanja hivyo vimeenea kote Marekani. Vilivyopangwa vizuri huwa na malango mawili yanayofuatana, ili mbwa mmoja asiponyoke mwingine anapoingizwa. Huwa na sehemu ya mbwa wadogo iliyotengwa na ya wakubwa. Na langoni huwa na orodha ya kanuni, ya kwanza ikiwa chanjo.

Licha ya mpangilio huo, ajali hutokea. Mbwa mdogo akikimbia huku akilia, mbwa mkubwa anaweza kumwona kama windo wala si mwenzake wa kucheza naye. Mpira mmoja au kipande cha nyama huzua vita kati ya mbwa waliokuwa wakilambana dakika moja kabla. Langoni ndipo penye hatari zaidi, kwani kila mgeni huzingirwa na kundi zima la wenyeji akiwa bado amefungwa kamba, hana pa kukimbilia. Na mbwa aliyekosa pa kukimbilia huuma.

Watoto nao ni hadithi nyingine. Uso wa mtoto wa miaka minne uko sawasawa na mdomo wa mbwa mkubwa. Mtoto hukimbia, hupiga mayowe na humkumbatia mnyama asiyemfahamu. Ndiposa viwanja vingi vya ng’ambo huwakataza watoto wadogo kuingia, au huwaruhusu wakiwa wameshikwa mkono na mtu mzima.

Fauka ya hayo kuna hatari zisizoonekana kwa macho. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, hudumu udongoni kwa miezi mingi. Mayai ya minyoo yaliyo katika kinyesi cha mbwa yanaweza kumwingia mtoto anayechezea mchanga na kumdhuru hata macho. Mfuko wa plastiki wa kuokotea kinyesi, ambao wengi wetu huuchekelea tunapouona katika filamu, una kazi ya afya.

Lakini chanzo kikuu cha ajali hizo, kwa maoni ya mwandishi huyu, si mbwa. Ni binadamu aliyeketi kwenye benchi akiiangalia simu. Vita vya mbwa havianzi ghafla jinsi wenyewe wanavyodai. Mwili hukakamaa, mkia huinuliwa juu na kutikiswa taratibu, jicho likakodolewa, mdomo ukafungwa. Wengi hudhani kila mkia unaotikiswa ni ishara ya furaha, dhana ambayo imewagharimu watu vidole. Mwenye kumwangalia mnyama wake ana nafasi ya kumwita kabla ya jino kufika mahali. Akichelewa, hata kumtenganisha ni hatari, kwani anayetia mkono shingoni mwa mbwa wanaopigana huumwa na wake mwenyewe.

Sheria za huko zimejaribu kumfuata binadamu huyo, kwa njia tofauti. Katika California, sheria ya madai humbebesha mwenye mbwa gharama ya kila aliyeumwa mahali pa umma au aliyeumwa akiwa kihalali katika makao ya mtu. Haijalishi iwapo mbwa huyo aliwahi kuuma hapo awali au mwenyewe alijua ukali wake.

Jimbo la New York lilishika njia nyingine kwa muda mrefu. Mlalamishi alitakiwa athibitishe kwamba mwenye mbwa alijua mnyama wake ni mkali, na kufuatia uamuzi wa mwaka wa 2006 hakuweza kushtaki kwa msingi wa uzembe pekee. Mnamo Aprili 2025, mahakama ya juu zaidi ya jimbo hilo iliitupilia mbali kanuni hiyo katika kesi ya mpeleka barua aliyeumwa akiwa kazini.

Uingereza, kwa upande wake, iliamua kuzilenga aina za mbwa. Sheria ya mwaka wa 1991 ilipiga marufuku aina nne, ikiwemo Pit Bull Terrier. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 aina ya XL Bully iliongezwa, na kuanzia Februari 1, 2024 ikawa kosa kummiliki mbwa huyo katika Uingereza na Wales bila cheti maalumu. Wenye vyeti wanatakiwa kumhasi mbwa, kumkatia bima, kumfunga kamba na kumfunika mdomo kila anapotolewa nje. Wakosoaji wamelalamika tangu mwanzo kwamba orodha ya aina haiwezi kumfikia mfugaji mzembe, ambaye huhamia tu aina isiyotajwa. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomwadhibu mwenye mbwa yeyote anayeruhusiwa kushindikana, awe wa aina gani.

Je, Kenya imesimama wapi? Wengi hudhani hatuna sheria. Tunazo, ila zimelala.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, mikononi mwa serikali za kaunti. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye, kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwingine, anakosa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama wake. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na maradhi hayo amtenge na kutoa habari kwa wakuu. Ukimuuliza mwenye mbwa wa kawaida mtaani iwapo ana leseni, atakutazama kama uliyemuuliza leseni ya kuku.

Katika madai ya fidia, tumerithi pia kanuni za kale za Kiingereza kupitia Sheria ya Mahakama, inayotambua sheria za Uingereza kama zilivyokuwa Agosti 12, 1897. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mwenye mnyama wa kufugwa huwajibika iwapo alijua tabia mbaya ya mnyama wake. Waingereza wenyewe waliibadilisha kwa sheria ya mwaka wa 1971. Huku kwetu aliyeumwa angali na mzigo wa kuonyesha ujuzi huo, au athibitishe uzembe.

Hapa ndipo kile kibao maarufu kinapoingia. Karibu kila lango la mtaa wa kifahari, na mengi ya mitaa isiyo ya kifahari, limebandikwa maneno ‘Mbwa Kali’. (Sarufi ingetaka ‘Mbwa Mkali’, lakini malango hayana wahariri.) Wenye nyumba huamini kuwa kibao hicho ni kinga: mtu ameonywa, akiumwa ni shauri lake. Kwa mwizi anayeruka ua usiku hoja hiyo huenda ikawa na mashiko. Kwa mtoto anayepita barabarani lango likiwa wazi, haina. Wakili wa mlalamishi anaweza kukigeuza kibao hicho kuwa ushahidi, kwamba mwenye mbwa alijua fika ukali wa mnyama wake, hata akauandika kwa rangi nyekundu.

Tofauti nyingine kati yetu na wenye viwanja vya Berkeley ni ya malezi. Wiki za mwanzo za maisha, kuanzia takribani ya tatu hadi ya kumi na nne, ndizo mtoto wa mbwa hujifunza kwamba watu wageni, watoto, baiskeli na mbwa wengine si maadui. Mbwa wa ulinzi wa Nairobi huzipitisha wiki hizo nyuma ya ukuta. Hulelewa amchukie kila asiye wa nyumbani, na tena husifiwa kwa hilo. Mbwa wa namna hiyo akifunguliwa katika uwanja wenye mbwa ishirini na watu hamsini asiowajua, itakuwa kumwonea yeye na kuwahatarisha wao.

Tena hapa kwetu anayeshika kamba mara nyingi si mwenye mbwa. Ni bawabu au mfanyakazi wa bustani, aliyekabidhiwa mbwa watatu wenye nguvu kumzidi, bila mafunzo, na ambaye hana uwezo wa kumlipa fidia mtu yeyote. Mbwa akimrukia mpita njia, bosi husikika akisema kosa ni la kijana. Mfanyakazi anayetekeleza agizo la mwajiri hawezi kuwa ngao ya mwajiri. Isitoshe, yeye ndiye wa kwanza kuumwa, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri amfidie anayejeruhiwa kazini.

Yote tisa, kumi ni kichaa cha mbwa. Huko California, anayeumwa huwaza kovu na kesi. Hapa anayeumwa lazima awaze kifo, kwani dalili za maradhi hayo zikishajitokeza hakuna tiba.

Maradhi hayo si mageni. Yalithibitishwa nchini mwaka wa 1912 kwa mbwa karibu na Nairobi, na kisa cha kwanza cha binadamu kikaripotiwa 1928 katika eneo la Ziwa Victoria. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio chanzo cha visa 99 kati ya kila 100. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa 2014, unaolenga kuangamiza vifo hivyo kufikia 2030, ulitumia makadirio ya hadi Wakenya 2,000 kwa mwaka. Shirika hilo linasema wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama washukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kinga inajulikana. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kuwaua mbwa koko kwa sumu, desturi iliyopendwa na mabaraza ya zamani ya miji, hakujawahi kuyamaliza maradhi haya popote, kwani mbwa wapya wasiochanjwa hujaza pengo. Aliyeumwa naye anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo aanzishiwe chanjo, ambayo huchomwa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa. Kukatiza katikati kwa kukosa nauli ni hatari kubwa, na familia nyingi za mashambani hukatiza.

Gharama hiyo, kwa desturi yetu, humwangukia aliyeumwa. Mwenye mbwa akiwa muungwana atatoa nauli na pole. Asipokuwa muungwana atafunga lango.

Kaunti inayotaka kujenga kiwanja cha mbwa basi ina kazi ya kufanya kabla ya kununua waya wa ua. Iwe na daftari la mbwa wake, kila mmoja akiwa na nambari shingoni inayomtaja mwenyewe, na leseni isitolewe bila cheti cha chanjo kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo. Ada ya leseni ielekezwe katika chanjo za bure mitaani, ambako mbwa ni wengi na mifuko ni mitupu. Mwenye mbwa aliyeuma alipie matibabu yote ya aliyeumwa, kuanzia sindano ya kwanza, bila kungoja hukumu. Ubishi kuhusu nani alimchokoza nani ufuate baadaye. Mabunge ya kaunti yana mamlaka ya kuanza na daftari na leseni mwaka huu huu, maadamu jukumu hilo limekuwa lao tangu serikali za ugatuzi zilipoanza kazi mwaka wa 2013.